Rede, kombolela na mdako vimerudi mtaani: maswali tunayoulizwa kila Jumamosi

Kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, kiwanja chetu hapa Temeke hujaa vijana wa sekondari. Hawachezi kandanda wala netiboli. Wanacheza rede (kukwepa mpira wa soksi), kombolela (kujificha na kukomboana), mdako (kudaka kokoto), gololi na kuruka kamba, michezo ambayo mama zao na bibi zao waliicheza kabla wao hawajazaliwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimekulia Tanga, na ndiye mlezi wa jioni hizo. Wazazi hunisimamisha njiani, walimu wenzangu hunipigia simu, vijana wa mitaa ya jirani huja kuuliza wafanyeje na wao wawe na jioni yao. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu.

Ni michezo gani hasa, na kwa nini mnasema "imerudi"? Si watoto wameicheza siku zote?

Watoto wadogo hawakuacha kabisa, ni kweli. Kilichokatika ni mnyororo. Zamani msichana wa miaka 15 alikuwa bado anacheza rede, na wadogo zake walijifunza kwa kusimama pembeni wakimtazama. Kisha ukaja wakati ambapo mtoto akifika darasa la saba anaona aibu, anaacha, na anaondoka na sheria zote kichwani mwake. Wanaobaki nyuma wanacheza nusunusu, hawajui roho, yaani nafasi ya ziada ya kubaki mchezoni, inapatikanaje, hawajui nani anakomboa nani. Sasa wenye miaka 14 hadi 18 ndio wameshika mpira tena. Hilo ndilo jipya, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Ilirudi vipi?

Kwetu ilirudi na giza. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali. Simu zilikwisha chaji, televisheni ziko kimya, ndani hakukaliki kwa joto. Jioni moja mabinti watatu wa Kidato cha Tatu walikaa kwenye kibaraza cha jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushee, wakilalamika hawana la kufanya. Bibi akawauliza, "Ina maana nyie wajukuu zangu hata rede hamuijui?" Akamtuma mmoja akalete soksi kuukuu ya kaka yake. Akaijaza vitambaa, akaifunga, akakaza kanga kiunoni na kusimama upande mmoja. Mimi nikaitwa nisimame upande wa pili. Mabinti wakaingia kati.

Walitoka wote watatu kabla hatujafika rusho la sita. Bibi alikuwa na mkono!

Kesho yake walikuja saba, wakiwemo wavulana wawili waliosema wamekuja kutazama tu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa, mgao ukaanza kupungua, nikajua sasa kila mtu atarudi kwenye simu yake. Hawakurudi. Wakahamia kiwanjani kwa sababu kibaraza hakikuwatosha tena.

Nimewauliza mara nyingi kwa nini wanakuja. Wengine wanasema ni raha tu, na hilo linatosha. Lakini jibu ambalo halinitoki ni la msichana mmoja mkimya sana, ambaye darasani sijawahi kumsikia akinyoosha kidole. Aliniambia, "Mwalimu, huku hakuna benchi." Fikiria hilo. Timu ya netiboli ya shule inataka wachezaji saba uwanjani, kandanda kumi na mmoja. Shule ina mamia ya wanafunzi. Walio wengi wanamaliza miaka minne ya sekondari bila hata mara moja kuchaguliwa. Kwenye rede hakuna anayechaguliwa. Umefika, umeingia. Umetolewa, dakika tano zijazo umo tena ndani.

Je, si kwa sababu ya ile tamthilia ya Korea Kusini, Squid Game?

Kwa baadhi yao, ndiyo, kidogo. Ilipotoka Septemba 2021, vijana duniani kote waliona watu wazima wakicheza gololi na kuvuta kamba, wakakumbuka kwamba na kwao michezo hiyo ipo. Mtaani kwetu gololi zilianza kuonekana tena madukani miezi hiyo. Lakini tamthilia yenyewe ni ya watu wazima na imejaa mauaji. Kuna wadogo wetu waliojaribu kuigiza adhabu zake, tukawakataza papo hapo. Anayetolewa kwetu anakaa kivulini anakunywa maji.

Sheria halisi za rede ni zipi? Mimi nilikua Morogoro, tulicheza tofauti kabisa.

Kila mtaa una zake, na usikubali mtu akwambie kwamba zake tu ndizo za kweli. Sisi tunacheza hivi. Wawili wanasimama wakitazamana, hatua kama kumi na tano kati yao. Kundi lingine linaingia katikati. Wa nje wanarushiana mpira wakiwalenga wa kati, na anayeguswa anatoka. Ukiudaka kabla haujagusa chini, umepata roho: unaweza kuitunza kwa ajili yako, au kumrudisha mwenzako aliyekwisha kutoka. Akibaki mmoja, anaanza kuhesabiwa. Akikwepa marusho kumi na mawili, wenzake wote wanarudi ndani na mchezo unaanza upya. Kichwani hapapigwi. Anayelenga kichwa anapoteza zamu yake ya kurusha.

Ipo pia rede ya chupa, ambayo vijana wameipenda kupita kiasi. Chupa tupu inawekwa katikati pamoja na kichuguu cha mchanga. Wa kati lazima waijaze huku wakikwepa mpira. Ikijaa wanaimwaga na kuanza tena, na kila chupa iliyojaa ni pointi. Siku ukija, mtazame anayejaza. Amechuchumaa, mkono mmoja umeishika shingo ya chupa, mwingine unachota, lakini macho hayako kwenye mchanga hata kidogo. Yako kwenye bega la mrushaji. Bega likicheza tu, yeye ameshahama. Nusu ya mchanga umemwagika miguuni pake, ila chupa haijaanguka, naye anarudi kuchota kama hakuna lililotokea.

Jambo moja zaidi kuhusu sheria. Kabla ya kuanza, vijana wetu hukaa chini na kukubaliana: leo roho zinatunzwa au hazitunzwi? Mpira ukidunda chini kwanza halafu ukakugusa, umekufa au hujafa? Mara nyingine mjadala unafika dakika kumi. Wazazi wanaopita hunihimiza niwakatie shauri ili waanze kucheza. Siwakatii. Wakiwa darasani kila sheria wameikuta imeandikwa na mtu mwingine. Hapa wanaitunga, wanaitetea, wanashindwa kwa hoja, kisha wanaifuata ileile waliyoipinga. Nikiingilia kati, nimewanyang'anya sehemu nzuri kuliko zote.

Mpira wa soksi unatengenezwaje?

Zamani tulijaza mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na wenzetu wa Kenya walitangulia Agosti 2017, kwa hiyo mpira wa mama si mpira wa mwana. Vijana wamejaribu karatasi, ukilowa unakuwa uji. Wamejaribu pamba ya mto, mwepesi mno, upepo unauchukua unakotaka. Tulipofika ni hapa:

Tafuta kipande cha sponji ya godoro, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Hicho ndicho moyo wa mpira. Nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitambaa. Wa kwetu hutoa bure na bado hushukuru kwa kufagiliwa. Zungushia vitambaa juu ya sponji, kila safu ukiikaza kwa uzi, mpaka ufikie ukubwa wa chungwa kubwa. Usokomeze hadi mwisho wa soksi ndefu, pale penye vidole. Songoa soksi iliyobaki kama unakamua nguo, kisha igeuze iufunike mpira tena. Songoa, geuza, songoa, geuza, hadi soksi iishe. Shona mdomo kwa mishono midogo ya karibu karibu.

Mpira mzuri ukikupiga mgongoni unasikika, lakini hauumi. Hauvunji kioo pia, na hilo limetuokoa na ugomvi na majirani. Usitie jiwe wala mchanga ndani ili uwe mzito. Hili nalisema kwa sababu limewahi kutokea.

Kombolela ni nini, na jina limetoka wapi?

Jina linajieleza: ni kukomboa. Mmoja anabaki na kopo katikati ya kiwanja, anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anataja jina lake na kukimbilia kuligusa kopo. Akiwahi, huyo ametekwa na anasimama karibu na kopo. Lakini yeyote ambaye bado amejificha anaweza kuchomoka, akaliwahi kopo na kulipiga teke, na hapo mateka wote wako huru. Huo mlio wa kopo likiruka, na watoto kumi wakitawanyika kwa pamoja, ndio sauti ya utoto wangu.

Ni mchezo wa ujasiri kuliko mbio. Unaweza kukaa umejificha salama mpaka mwisho. Hakuna atakayekulaumu. Au unaweza kutoka ukijua kwamba unaweza kukamatwa, kwa ajili ya watu tisa wanaokungoja.

Masharti yetu mawili hayana mjadala. Hakuna kujificha ndani ya pagale, kwenye mtaro au kichakani. Na kombolela huisha kabla ya adhana ya magharibi, hata kama mtu hajapatikana.

Na mdako? Hapo hakuna mbio. Vijana wanaupendea nini?

Wanaupendea ugumu wake. Unachimba kishimo kidogo, unaweka kokoto, tuseme kumi na mbili. Unarusha moja juu. Kabla haijarudi mkononi, mkono uleule uwe umezikomba nyingine kutoka shimoni. Unarusha tena, na safari hii unazirudisha zote ndani isipokuwa moja, ambayo inabaki kuwa yako. Unaendelea hivyo mpaka shimo liwe tupu. Mzunguko unaofuata unabakisha mbili mbili, kisha tatu tatu. Ukidondosha, au ukibakisha idadi isiyo sahihi, zamu imepita kwa mwenzako. Wa pwani hutumia pia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo wazee huzifanya kete za bao.

Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, hodari wa michezo ya kwenye simu, alikaa kwenye shimo la mdako Jumamosi nne mfululizo akishindwa na msichana wa darasa la sita. Ya tano alimshinda. Sijawahi kumwona mtu akitabasamu vile.

Binti yangu ameshakuwa mwali. Ni sawa kweli acheze na wavulana?

Mama, swali lako nalichukulia kwa uzito, maana nami nina binti. Rede haina kugusana miili, ni mpira ndio unaomgusa mtu. Kuruka kamba na mdako ni vivyo hivyo. Kuvuta kamba tunatenganisha. Kiwanja kiko wazi pande zote, daima wapo watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na kila mtu anaondoka kabla giza halijaingia. Mabinti wengi huvaa suruali chini ya gauni, na hijabu hubanwa vizuri kwa pini ili isiwazuie. Ukipenda acheze na wasichana wenzake tu, mwambie, naye atuambie. Daima lipo kundi la wasichana peke yao na wala hakuna anayelitilia shaka.

Ila nikuombe kitu kimoja. Usimwambie kwamba amekua mkubwa mno kwa michezo. Kaka yake mwenye miaka 17 yuko uwanjani anacheza kandanda na hakuna anayemwambia hivyo. Wasichana wetu huachishwa kucheza mapema mno, na mara nyingi kinachochukua nafasi ya mchezo ni ndoo na ufagio tu. Njoo naye. Kaa ukutani utazame. Kina mama kadhaa walikuja kutazama, na siku hizi wanakuja na kanga ya kufunga kiunoni.

Mwanangu yuko Kidato cha Nne, mtihani ni Novemba. Si atapoteza muda?

Saa mbili kwa wiki hazimfelishi mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Takwimu zake zilizochapishwa 2019 zilionyesha kwamba zaidi ya wanne kati ya kila watano wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Mimi mwenyewe nafundisha darasa la mtihani. Anayekuja kucheza Jumamosi, Jumatatu ananisikiliza. Aliyefungiwa na vitabu Jumamosi nzima ananitazama tu. Wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani wengi wao hupumzika wenyewe bila kuambiwa.

Wanajirekodi na kutuma mitandaoni. Mnaruhusu?

Hapa tumetofautiana, mimi na wao, na nimekubali kushindwa kwa sehemu. Video ndizo zilizoleta vijana wa Mbagala na Kurasini kwetu, na ndizo zilizomfikia kijana mmoja wa Muscat ambaye wazazi wake ni wa Unguja, akauliza sheria za rede ya chupa ili wacheze huko. Siwezi kudai hazina faida.

Lakini nimeona pia kinachotokea simu ikielekezwa kwa mtu: anaacha kucheza, anaanza kuonyesha. Tulichokubaliana ni kwamba simu zote zinakaa kwenye kapu moja hadi saa kumi na moja na nusu. Baada ya hapo anayetaka anarekodi, na hakuna kumrusha mtu ambaye hajakubali. Kuanguka kwa mwenzako hakutumwi popote.

Akiumia je?

Michubuko ya magoti ni ya kila wiki: maji safi na sabuni, kisha kitambaa safi. Linalotusumbua zaidi ni kuteguka kifundo cha mguu. Mwanzo mmoja wetu alitegukia kwenye shimo, na mtu mzima mwenye nia njema akamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu. Uvimbe uliongezeka usiku kucha. Siku mbili tatu za mwanzo usikande kwa moto wala usichue. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kama 20 kila baada ya saa kadhaa, funga bendeji isiyobana mno, inua mguu juu ya mto. Akishindwa kukanyaga kabisa, mpeleke hospitali akapigwe picha.

Kabla ya kuanza tunapita kiwanja kizima kuokota vigae, misumari na vizibo. Hiyo kazi hairukwi hata kama tumechelewa.

Kuna wanaocheza gololi kwa pesa. Mnalionaje?

Baya. Kushindania gololi zenyewe sawa, ukishinda unaondoka nazo mfukoni. Zikishaingia sarafu, huo ni mchezo wa kamari, na sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Vijana wetu wamezungukwa na mashine na mikeka ya kubeti kila kona. Nataka kiwanja hiki kiwe mahali pamoja ambapo hakuna anayewauliza wana shilingi ngapi.

Kwa nini hamuundi ligi? Mngepata wafadhili, jezi, hata kombe.

Tulijaribu. Mtu mmoja mwenye moyo mzuri alituletea kombe na seti mbili za jezi. Tulifurahi mno, tukapiga picha. Jezi zilikuwa kumi na sita. Wiki ya kwanza wakagombana nani avae. Wiki ya pili wakaanza kuchagua wenye mkono mzuri. Wiki ya tatu nilipogeuka nikawaona wale wengine, zaidi ya nusu, wamekaa ukutani kwenye mstari wakitazama. Yule msichana wa "huku hakuna benchi" alikuwa kati yao. Sisi wenyewe tulikuwa tumeijenga benchi.

Kombe liko nyumbani kwangu juu ya kabati. Jezi tulizigawa kwa watoto wadogo.

Sisemi kwamba mchezo wa watoto hauwezi kuwa mchezo rasmi. Nzango ya kule Kongo ilianza kwa wasichana wakirukaruka na kupiga makofi viwanjani mwa shule. Leo ina vyama na mashindano, na ilichezwa kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Kuvuta kamba kulikuwa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920. Ni heshima kubwa, na wanaoitaka heshima hiyo kwa rede nawaombea mafanikio. Lakini waanzishe pembeni, na kiwanja cha Jumamosi kibaki cha kila mtu.

Hapa kwetu hakuna kiwanja.

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo ninaloulizwa zaidi.

Kwanza, michezo hii inataka nafasi ndogo. Rede inatosha kwenye hatua ishirini kwa kumi, uchochoro mpana unafaa. Mdako unataka nafasi ya mkeka. Kamba inazungushwa hata uani.

Lakini kila mtaa unastahili eneo la wazi, na mengi yalikuwepo kwenye ramani kabla ya kugeuzwa gereji, baa au maegesho. Kiwanja chetu nusura kitutoke. Asubuhi moja tulikuta malori matatu yameegeshwa, wiki iliyofuata nguzo za uzio. Vijana ndio waliohangaika, mimi niliwasindikiza tu. Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza eneo limeandikwaje kwenye ramani ya mipango miji. Waliandika barua, wakakusanya sahihi za wazazi nyumba kwa nyumba, wakaipeleka hadi kwa mtendaji wa kata, na wakahakikisha nakala yao imegongwa mhuri wa kupokelewa. Walirudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nguzo ziliondolewa baada ya miezi.

Mkienda ofisini, msiende kama mnaoomba hisani. Kucheza ni haki iliyoandikwa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inaitaja, Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu nayo. Kwa sheria hiyo mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa Kidato cha Tano mwenye miaka 17 naye yumo, hata kama ana ndevu.

Mtu mzima anaruhusiwa kucheza?

Karibu sana. Watumishi wa wizara hukutana kwenye michezo ya SHIMIWI wakavuta kamba na kucheza bao, karata na drafti, wala hakuna anayewacheka. Sharti letu ni moja: usije kufundisha. Ukiulizwa, eleza. Usipoulizwa, cheza.

Mtoto wangu hasikii. Anaweza kushiriki?

Anashiriki tayari mwenzake. Kwenye kombolela tunapeperusha kitambaa chekundu badala ya kuita jina, na hesabu inaonyeshwa kwa vidole. Vijana walibuni hilo wenyewe ndani ya jioni moja. Kwenye mdako hahitaji chochote cha ziada. Kwa kweli ndiye bingwa wetu.

Sisi tuko Nairobi. Je, hii ni michezo yetu pia?

Ni yenu kwa majina mengine. Rede yetu inafanana sana na kati yenu, gololi ni bano, kujificha ni brikicho, kukimbizana ni tapo. Blada mnatushinda, sisi hatukuwahi kuruka kwa ufundi ule. Unguja na Pemba wanacheza nage, na huko hata watu wazima, kina mama hasa, wanaicheza kwa bidii. Ulizeni mama zenu kwanza kabla ya kuuliza mtandao. Watakumbuka zaidi ya wanavyodhani, hasa wakishikishwa mpira mkononi.

Nije saa ngapi, na nije na nini?

Saa kumi jioni, jua likishapoa. Njoo na maji ya kunywa. Viatu ni hiari yako, wengi hucheza peku tukishasafisha kiwanja. Kiingilio hakuna. Ukiwa na soksi ndefu iliyopoteza mwenzake, ilete. Mipira miwili imechanika Jumamosi iliyopita, na bibi ameshatayarisha sindano.